Mlango Wetu wa Rwamishenye

Mama alimkimbia baba kule Izigo akiwa amevunjwa mkono, akapanga chumba Rwamishenye, katika safu ya vyumba vinne. Kitanda, jiko na mimi binti yake tulikijaza. Lakini mlango ulikuwa wa mninga, una komeo la chuma, na nyuma yake mama alilala usingizi.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Baraza la Mji likatangaza kwamba kila mlango unaofungukia nje utalipa kodi sawa na nyumba. Eti sisi tulipe sawa na bwana wa Nshambya mwenye bati jipya na kibanja cha kahawa! Hadi leo damu inanichemka. Majirani wakakata shauri: wabomoe kuta za ndani, wazibe milango mitatu, safu nzima ihesabiwe nyumba moja.

Walipoufikia ukuta wetu na sululu, mama alisimama mbele yake na muhoro wa kukatia migomba. Jirani mmoja akacheka, akaupiga ukuta. Tofali likaangukia kitanda. Mama akamchanja mkono, mfupa ukaonekana. Nililia, lakini moyoni nilifurahi.

Balozi wa nyumba kumi akaamua ukuta wetu ubaki, lakini mama ajilipie kodi ya nyumba peke yake. Majirani wakasema ana wazimu.

Jumapili moja, watu wakitoka misa, baba akaja. Kwetu mume anayemfuata mke aliyekimbia huanzia kwa wakwe, na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. Yeye alikuja na shoka. Aliingia kwa majirani, akapita chumba hadi chumba bila mlango wa kumzuia, akimpiga kila aliyesimama njiani. Alipotukosa akazunguka nje, akaanza kuukata mlango wetu. Vibanzi viliruka. Kisha sauti yake ikalainika.

"Mwanangu, mfungulie tata, mfungulie baba yako."

Nilikuwa nimeshika komeo kwa mikono miwili. Nilimpenda, na sikufungua. Akakata mpaka wanaume waliotoka kanisani wakamwangusha na kumfunga kamba.

Kesho yake nilifuatana na mama kwenda Baraza la Mji kulipa kodi. Karani alikuwa kijana mwenye huruma. Akamwambia aandike malalamiko, maana si haki chumba kulipa sawa na nyumba.

"Hiki ni chumba tu, mama," alisema.

"Andika nyumba," mama akajibu.