Fizikia Ilivyomzuia Baba Kwenda Hospitali

Kwetu Meru huwezi kuingia kwenye ibada ya nyumbani ukakaa kimya kama mtu mwenye akili zake. Lazima usimamishwe "usalimie watu." Unasema Bwana asifiwe, wanajibu Amen, unarudia kwa sauti kubwa zaidi maana ile ya kwanza eti ilikuwa ya baridi, kisha unatakiwa utoe neno. Mimi nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari upande wa Nchiru. Neno sina. Nina fomula.

Siku hiyo ibada ilikuwa sebuleni kwetu, Kinoru, ya kumwombea baba. Baba ana bucha Makutano, na daktari alikuwa amempata na uvimbe tumboni. Alituambia wazi kwamba ukiondolewa upesi mzee atapona, ukiachwa utamwondoa yeye. Baba alikuwa ameshakubali kupasuliwa. Wageni walikuja kumtia moyo na kumaliza nduma alizochemsha mama.

Nikasimamishwa. Bwana asifiwe, mara mbili. Nilikuwa nimetoka darasani moja kwa moja, na kilichokuwa mdomoni ndicho kilichotoka: nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika tu kutoka umbo moja hadi jingine. Nilitaka kuendelea na mfano wa kuni na moto, lakini sebule ilikuwa imeshalipuka. Amen! Mama mmoja pale kwenye kona akapiga vigelegele. Sidhani kama sheria hiyo imewahi kupigiwa vigelegele popote duniani. Wanafunzi wangu huipigia miayo.

Mzee wa kanisa aliyeongoza ibada anapenda kuongea kuliko anavyopenda supu ya baba, na supu hiyo anaipenda kupita kiasi. Aliichukua ile sheria akakimbia nayo. Mnasikia, hata sayansi imekiri! Hakuna kinachopotea! Mauti ni kubadilisha umbo tu! Alihubiri mpaka chai ikapoa. Kila nilipoinua mkono kusema kwamba sheria ile haijamwahidi mtu chochote, alidhani naungana naye katika sifa.

Wageni walipoondoka, baba akatangaza kwamba hapasuliwi tena.

"Kama hakuna kitu inapotea, nipasuliwe ya nini?" alisema, amani tele usoni. "Si ni wewe ulisema? Mimi nitabadilisha tu umbo."

Mama alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia kunimeza. "Uliambiwa usalimie watu," akasema. "Kusalimia tu."

Siku zilizofuata baba alikuwa na utulivu wa kuudhi. Anainama, uso unamkunjamana kwa maumivu, halafu anasema ni nishati inahama. Nilikasirika naye, nikamkasirikia mzee wa kanisa zaidi, na chini ya hasira hiyo yote nilikuwa naogopa. Usingizi wenyewe ulinipa shida. Kila muhula nawaambia watoto wa watu kwamba sheria hizi zinashika kila kitu, kuanzia jiwe mpaka jua. Haya, mtu ni nini ndani yake? Kama ni maada na nishati tu, basi yule mzee hakukosea sana. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Jumamosi asubuhi nikamfuata bucha. Alikuwa ameketi nyuma ya kioo, mkono tumboni, na mbuzi mmoja akining'inia kwenye ndoano. Hapakuwa na mteja.

"Baba, kuna sheria ya pili," nikamwambia.

"Mlikuwa mmeificha wapi?"

"Inasema vitu vikiachwa hivi hivi, vinavurugika. Ukitia maziwa kwenye chai, hayatoki tena. Ile ya kwanza inahifadhi vitu. Vile vimepangwa, haijali."

"Vimepangwa aje?"

Nikamwonyesha mbuzi. "Huyu umemchinja leo. Kuna kitu yake imepotea?"

"Itapotea aje? Nyama ndio hii, ngozi iko huko nyuma, kichwa na miguu zimeenda kwa yule wa supu. Damu ni ya mutura, tunajaza kwa matumbo."

"Kila kitu iko?"

"Kila kitu."

"Haya, mwambie alie."

Baba alicheka, kisha akaacha kucheka. Mteja akaingia, akataka nusu kilo isiyo na mafuta. Baba akakata, akapima, akafunga kwenye gazeti, bila ule utani wake wa kumwuliza mtu kama ana meno. Mteja akaenda.

"Kwa hivyo hiyo sheria yenu inachunga nyama," akasema baba. "Na mbuzi mwenyewe? Nani anamchunga?"

Nilisoma chuo kikuu miaka minne, na hilo halikufundishwa. "Sijui, Baba," nikasema, na machozi yakanitoka palepale mbele ya mizani. "Lakini mimi nakutaka wewe. Vile umepangwa. Na kelele zako zote."

Baba akapangusa mizani. "Na mzee wa kanisa, anajua?"

"Anasema anajua."

"Ameenda huko akarudi?"

"Hapana."

"Basi kama hakuna mtu anajua, mimi naharakishia nini?"

Nikatoa simu nimpigie mama. Baba akanipokonya simu, akapiga mwenyewe, akamwambia mama kwamba fizikia imebadilisha msimamo, amtolee koti lake. Nilisikia mama akilia upande wa pili, na baba akimwambia apunguze sauti, watu wako kazini.

Alipokata simu hakunirudishia. Aliishika tu, akiangalia mbuzi. Halafu akaniambia, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, kwamba hayo mambo ya umbo hakuyaamini hata siku moja. Alikuwa anaogopa kisu.

Baba yangu, aliyeshika kisu maisha yangu yote.