Vipande vya Mwanza, Kodi ya Kampala

Asubuhi za Luzira, ziwa huwa halina ng'ambo. Ukungu hulishona na mbingu, na mabehewa yanayosubiri kupakiwa melini pale Port Bell huonekana kama yameegeshwa angani. Nyuma ya weupe ule, mbali kusini, kuna Mwanza, na Mwanza yuko baba yangu. Kwa miaka yote niliyoishi Kampala nimejiona kama mtu aliyesimama gatini.

Nilipopata kazi ya kwanza, baba alininunulia vipande katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Vya nyumba yako ya kurudia, alisema. Vikapanda thamani polepole, nami nikiwa usingizini upande huu wa maji. Mwaka huu mimi na mume wangu tulipata kiwanja kilimani, hapa hapa Luzira, na nikataka kuviuza. Baba sikumwambia. Kuviuza kwa ajili ya kiwanja cha Kampala kulikuwa sawa na kumwambia sirudi.

Nikaanza na lililoonekana jepesi, kodi. Mtaa wa Wandegeya, juu ya duka la kuchapa, kuna mama wa Kinubi anayewashauri watu mambo hayo. Mashine za chini zilivuma na sakafu ikatetemeka kidogo, kama tuko melini. Nikamweleza kwamba sidaiwi: Tanzania, faida ya vipande vile imesamehewa kodi.

"Nyabo, bibi," akasema, "huo msamaha ni ya kwenu. Haivuki maji."

"Lakini mimi hapa ni mgeni."

Akanitazama juu ya miwani. "Mgeni gani analia bei ya matooke? Nyumba hapa, bwana hapa, mwaka mzima hapa. Kwa kodi weye ni mkaazi, na mkaazi anataja mapato yote, ya hapa na ya ng'ambo. Kama walikukata kule, tungepunguza hapa. Sasa hawakukata kitu, tutapunguza nini?"

"Nimesikia kuna nafuu ya wageni."

"Ya wageni wa muda mfupi. Yako iliisha zamani. Si munasemaga mgeni siku mbili?"

"Ya tatu mpe jembe."

"Haya, serikali imeleta jembe!" Akacheka mpaka akavua miwani.

Nilirudi nyumbani nikizitazama kuta zetu. Hazikuwa na msumari hata mmoja. Picha za harusi zilikuwa bado zimeegemezwa chini, kwa sababu mimi nilikataa kutoboa ukuta wa mahali pa kupita. Mume wangu alikwisha kuacha kulisema. Mtoza kodi hakuwa na haja ya kutazama kuta; kwake nilikwisha kuwa mkaazi.

Shemeji yangu akaniletea njia ya mkato. "Andika unakaa Mwanza kwa mzee. Nani atakuja kukuhesabu?"

Jioni nilikaa na wazo hilo. Lingewezekana. Ningekuwa naishi kwa baba kwenye karatasi, naye angeendelea kuningoja kwa dhati, na mimi ningejua kwamba hakuna anayekuja. Nikapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Sauti hiyo, umefukuzwa kazi?"

Nikamweleza yote, kiwanja, vipande, kodi, hadi ushauri wa shemeji. Nikasikia redio yake, kisha akaizima.

"Kwa hiyo nyumba ya Mwanza ndiyo basi."

"Ndiyo, baba."

"Nilishaanza kuijua kichwani mwangu. Mlango nilikuwa nimeuweka upande wa jua la asubuhi." Akakohoa. "Huyo shemeji yako usimsikilize. Kwangu usikae kwa uongo. Uza, walipe haki yao, ujenge. Ila mimi unitengee chumba cha chini, ngazi na mimi tumeachana."

Niliviuza. Fedha ya kodi niliiweka kando kabla ya kumlipa mwenye kiwanja. Fundi alipokuja na kamba zake za kupimia msingi, nilimwomba aanze na chumba cha chini, mlango uelekee mashariki.