Jogoo, Mwambie Mwenye Jiko

Pumba za mpunga zikiungua zina harufu yake ya peke yake. Si ya kuni wala ya mkaa. Inafanana na mkate ulioanza kuungua pembeni, tamu kidogo, halafu inakukereketa puani. Siku hizi hapa Rujewa wengi wanapikia gesi, lakini ukipita nyuma ya mashine za kukoboa wakati wa mavuno, upepo ukivuma kutoka Ubaruku, harufu hiyo inakukuta njiani na kukusimamisha. Mimi hunisimamisha mbele ya duka la vipuri vya pikipiki. Kijana mwenye duka huniuliza, "Bibi, unatafuta nini?" Humwambia sitafuti kitu, naangalia tu. Pale alipopanga matairi ndipo lilipokuwa jiko la mama yangu, na pale anapokaa yeye na simu yake ndipo wateja walipokaa wakila. Ilikuwa hoteli. Mtu wa leo akisikia hoteli anafikiria vitanda na mashuka, ila sisi tulisema hoteli kwa maana ya mahali pa kula: mabenchi, meza ndefu iliyoyumba, bati lililovuja, na huko nyuma ukuta wa matete uliotenga jiko na wateja.

Mama alizaliwa milima ya Tukuyu, kwenye mvua na migomba, na baba vilevile. Walishuka huku Usangu kwenye jua baba alipopata kazi ya kuendesha mashine ya kukoboa. Baba alileta pumba kwa magunia, na mama alizishindilia kwenye debe, fimbo ikiwa imesimama katikati. Akiichomoa fimbo linabaki tundu, anawasha kwa chini, moto unapanda taratibu mpaka mchana. Alipika wali, maharage, ndizi za nyumbani kwao zilipopatikana, na nyama ya ng'ombe wa Wasukuma waliokuwa wamehamia bondeni na mifugo yao. Niseme ukweli, chakula chenyewe kilikuwa cha kawaida tu. Chumvi ilimshinda mama maisha yake yote. Leo imezidi, kesho hakuna kabisa. Watu walifuata mdomo wake. Alikuwa anatoka jikoni na mwiko mkononi, anazunguka meza, anamtania kila mtu kwa kabila lake. Kulikuwa na mfugaji mmoja, Masanja, ambaye hakupitisha siku bila kumchokoza.

"Mama Sekela, hii nyama ya leo ni ng'ombe au gogo?"

"Ni ng'ombe uliyetuuzia wewe mwenyewe. Muulize kwa nini alizeekea kwako."

Benchi zima linacheka, madereva wa malori ya Iringa wanaongeza sahani ya pili, na aliyekuja kunywa chai tu anajikuta amekula mchana. Hiyo ndiyo ilikuwa hoteli. Sekela ndiye mimi, mtoto wa kwanza, na wakati ninaousimulia meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka, mengine hayajaota.

Basi mwaka huo babu, mzazi wa baba, alibaki peke yake kule Tukuyu. Bibi alikuwa amekufa, mvua ikaja ikaangusha upande wa nyumba, na baba akapanda gari kwenda kumchukua. Hapa lazima nieleze jambo, maana vijana wanalisikia kama hadithi. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mwanamke na baba mkwe wake hawakutani. Hamtazami, hali naye, halali nyumba moja naye, hatamki jina lake. Akimwona kwa mbali anakwepa njia, na wakikutana ghafla anajifunika kanga usoni na kuinama mpaka apite. Wala si ugomvi, ndiyo heshima yenyewe, na kadiri mkwe anavyokuwa mwema ndivyo anavyokwepa zaidi. Mama alikuwa ameolewa miaka mingi, na alikuwa hajawahi kuuona uso wa babu. Aliijua miguu yake, alilijua koti lake la kijivu kwa nyuma, na aliijua sauti yake, nene kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Baba alimpangia babu chumba kwa jirani, hilo halikuwa na shida. Shida ilikuwa mchana. Mzee hamjui mtu Rujewa, jua linamwonea, mbu wanamwonea, na kivuli chenye upepo kilikuwa kimoja tu, cha hoteli yetu. Akaja akakaa benchi la mbele na koti lake, asubuhi mpaka jioni, akiangalia barabara. Na siku hiyohiyo mama alifungwa nyuma ya matete. Hakuweza tena kutoka na mwiko wake. Hakuweza hata kupaza sauti, maana kumpigia kelele mkwe masikioni nako ni utovu wa adabu. Ikabidi baba atoroke mashineni kila mchana kuja kugawa sahani, na Masanja hakumhurumia. "Dada!" alimwita mbele za watu. "Dada, hebu niletee maji ya kunawa!" Baba alikuwa mtu wa aibu, jasho lilimtoka mpaka kwenye mchuzi.

Lakini utani wa Masanja haukutosha kuijaza hoteli. Ilikuwa kimya. Unasikia vijiko. Madereva walianza kupitiliza mpaka kwa mama mmoja wa karibu na stendi, na sufuria za mama zikawa zinarudi nyumbani na wali. Niliwasikia wazazi wangu wakibishana uani. Baba alisema mzee hana pa kwenda, nyumba yake imeanguka. Mama akasema, "Nani amesema aende? Nimesema nafunga hoteli." Baba akamuuliza atafanya nini akifunga. Akajibu atapanda mpunga kama wenzake. Aliyasema kwa utulivu, huku anaosha sufuria. Kumfukuza baba mkwe hakukuwamo kichwani mwa mama hata kidogo. Na mimi nilijua kwamba shambani mama angekufa kwa ukimya, maana mpunga hautaniwi.

Sasa nimkumbuke jogoo, kwa sababu bila yeye sina cha kusimulia. Aliachwa hapo hotelini na abiria mmoja aliyekimbilia basi lake akamsahau na kamba mguuni. Tulimngoja mwenyewe arudi, hakurudi, na jogoo akawa wetu. Mwekundu, mkia umenyofoka, alishinda chini ya meza akiokota punje. Babu alimpenda kwa sababu alikuwa mgeni kama yeye. Alimtupia wali na kumsemesha Kinyakyusa na Kiswahili.

Siku moja mama alikuwa ametoka nyuma kufuata maji, na wali uko motoni. Harufu ikaanza. Wateja wachache waliokuwepo walitazamana. Baba hayupo, mimi nimelala kwenye magunia, na wageni hawathubutu kumwita mama mbele ya mkwe wake. Babu alikunja uso, akageuka upande wa barabara, mgongo kwa jiko, akasema kwa sauti yake ya mtungi: "Wewe jogoo, mwambie mwenye jiko wali unaungua."

Mama alikuwa amesharudi, alimsikia. Sauti ile ndiyo iliyoniamsha. Halafu tukasikia sufuria ikishushwa haraka, na baada ya kitambo sauti ya mama, ndogo, kana kwamba anaongea na mkono wake mwenyewe: "Mwiko, mwambie jogoo nimesikia. Na umwambie wa chini ndio mtamu."

Masanja alicheka mpaka akapaliwa. Babu hakucheka. Aliendelea kutazama barabara, ila niliona bega la koti likitikisika.

Toka hapo hawakunyamaza. Babu alikula, akaweka kijiko, akamgeukia jogoo. "Jogoo, chumvi ya leo ilikuwa ya ukoo mzima." Huku nyuma mwiko unatumwa: "Mwiko, muulize jogoo mbona sahani imerudi nyeupe." Babu anasema maharage yamepikwa na mtu mwenye haraka ya kwenda harusini. Mama anauambia mwiko kwamba wenye meno hawajalalamika. Hawakuwahi kuitana, hawakuwahi kugeukiana, babu mgongo kwa matete na mama mgongo kwa babu, na katikati yao jogoo anatembea akiokota punje, hana habari. Watu walirudi. Kwanza madereva, halafu wafugaji, halafu wakulima wa Ubaruku waliosubiri zamu ya kukoboa. Walikuja mapema wapate nafasi karibu na babu, wakala polepole ili wasikose neno. Baba alirudi mashineni, na mimi na mdogo wangu tukagawa sahani.

Si wote walifurahi. Alipita mzee mmoja wa kwetu, mfanyabiashara wa ndizi, akasikiliza kidogo akasimama na fimbo yake. Akamwambia babu kwamba ni aibu, mtu mzima anaongea na mkwe wake hadharani, mila imekuwa mchezo.

"Mimi naongea na jogoo," babu akasema. "Una kesi na jogoo?"

"Kila mtu anajua unaongea na nani!"

"Basi wewe unajua mengi. Kaa ule."

Akakaa. Akala. Na alipomaliza, yule mzee alimwinamia jogoo akasema kwa sauti ya chini kwamba ndizi hazijaiva vizuri. Mama akauagiza mwiko umwambie kwamba ndizi aliziuza yeye mwenyewe.

Nakumbuka siku moja tu ambayo hawakutaniana. Babu alionja kijiko kimoja, akakaa nacho mdomoni, akasema: "Jogoo, chakula hiki kimepikwa na mtu mwenye homa. Mwambie akalale." Nilipokwenda nyuma nilimkuta ameegemea ukuta, anatetemeka, malaria imempanda, na hakuna aliyekuwa amejua, hata baba aliyeamka naye asubuhi. Alifunga jiko akaenda kulala. Babu mwenyewe aliwaambia wateja leo hakuna tena chakula, kwaherini.

Babu alikufa msimu uliofuata, kabla mpunga haujakauka, kwa kifua. Alilazwa sebuleni kwetu kusubiri gari la kumpeleka Tukuyu, na shangazi zake baba waliofika wakamwambia mama kwamba sasa hakuna ubaya, anaweza kuingia kumuaga. Alisimama mlangoni muda mrefu, kanga usoni. Halafu akaishusha, akaingia, akamtazama. Mimi nilikuwa nimeshika nguo yake. Nilitegemea atalia kama wenzake. Akasema, "Kumbe alikuwa mfupi." Aliyasema kama mtu anayejisahihisha. Baadaye ndipo alipolia, jikoni, na si kwa sauti.

Baada ya matanga alifungua tena. Sasa hakuna wa kumzuia kutoka, akawa anazunguka meza kama zamani, mwiko mkononi, lakini ule mdomo haukuwaka. Siku moja Masanja, kwa nia njema kabisa, alijaribu kumchangamsha. Alimwita jogoo kutoka chini ya meza, akaigeuza sauti iwe nene: "Jogoo, mwambie mwenye jiko chumvi imezidi."

Mama akaja akasimama mbele yake. "Niambie mimi, nipo hapa. Imezidi wapi?"

Masanja alibabaika. "Ah, natania, Mama Sekela. Chakula kitamu. Kitamu sana."

"Kitamu," mama akasema. Alichukua kijiko cha Masanja, akaonja. Ilikuwa imezidi kweli, niliona kwenye uso wake. Akakirudisha kijiko mezani taratibu. Wiki hiyohiyo alifunga. Baba alipomuuliza sababu alisema amechoka kupika bila kusemwa. Akaenda kulima mpunga, akazeekea huko, na jogoo alibaki pale barabarani mpaka sijui alichukuliwa na nani.

Mimi niliolewa na Mhehe, mila zao sizo hizo, na sasa ni mimi niliye na mkwe. Mke wa mwanangu ni binti wa Iringa, amesoma, mpole, ana adabu zake. Anamwita mume wangu baba, anampa mkono, anakaa naye kochi moja wakitazama taarifa ya habari, na sikukuu anatupiga picha sote pamoja. Uso wa mume wangu anaujua kuliko mama alivyoujua uso wa mtu yeyote. Sina lawama. Nisingependa ajifunike kanga nyumbani kwangu, na nikiwaza mama alivyokuwa anachutama nyuma ya yale matete kwenye joto la Rujewa, nasema afadhali yamekwisha.

Ila anazidisha chumvi. Tangu aolewe. Mume wangu ana presha, daktari alishamkataza, na binti mwenyewe hajui, maana hakuna aliyemwambia. Mume wangu ananitazama mimi, mimi namtazama mwanangu, mwanangu anaangalia sahani. Tunakula wote meza moja, ana kwa ana, tunamaliza, na kila mmoja wetu anasema asante mama, chakula kizuri.