Konyaki Iliyoletwa na Mchumba

Siku niliyoletewa posa naikumbuka vizuri, mwanangu, maana swali la shangazi yangu Agata nusura linikoseshe mume.

Osmundi alitoka Kihagara, ziwani, akapanda kwetu Mbuji na chupa ya konyaki, brandi ya Kifaransa iliyokaa kwenye pipa miaka mingi kuliko umri wangu. Alikuwa mhudumu wa hoteli Dar es Salaam, na mgeni mmoja alimwachia akiaga. Mimi nilimpenda. Baba alimshuku hata kabla hajamaliza kusema shikamoo: mtu wa ziwani, kaishi mjini, kabeba chupa isiyojulikana!

Osmundi akawamimina kidogo kidogo kwenye glasi. "Msiinywe haraka, wazee wangu. Ishikeni kiganjani ipate joto, mnuse kwanza."

Kinywaji gani hicho cha kunuswa? Kwetu aliyeleta kinywaji hutangulia kunywa, wengine waone ni salama. Osmundi akazungusha glasi, akanusa, akaiweka chini. Hakunywa. Watu wakatazamana. Nyuma ya pazia, sasa hata mimi nilimshuku.

"Tangulia, kijana," shangazi akasema. "Au una sababu?"

"Ninayo, mama. Nilikuwa mlevi, nimeacha. Nikionja hii nitarudia. Ila sina kitu kingine cha thamani cha kuwaletea."

"Mbona hukusema mapema?"

"Niliogopa mtaninyima binti."

Baba akainuka amfukuze. Shangazi akamwashiria aketi, akachukua glasi ya Osmundi, akanusa taratibu, akapiga funda dogo na kufumba macho.

"Inaanza na asali iliyoungua," akasema, "halafu inakuja mbao, halafu tumbaku. Nimeshameza, na bado naisikia mdomoni. Kaka, mtu aliyenusa kitu hiki akakiweka chini, mpe mtoto."

Niliishi na Osmundi mpaka nilipomzika, na hakuonja tena pombe.

Mimi bado ni mtu wa mashaka, silifichi hilo. Hata huyo kijana wako wa Mbinga namtazama kwa jicho la pembeni, anacheka mno. Basi ukimshuku, usinyamaze kwa sababu unampenda. Muulize waziwazi, kisha mwache amalize kujibu ndipo uamue.

Mungu akujalie mume atakayekwambia ukweli hata ule unaomwaibisha, na wewe akujalie subira ya kumsikiliza mpaka mwisho.