Mgonga Mbao

Fundi wa mbao za ndani ya magari hana imani na macho. Ukimletea gari, huugonga ubao wa dashibodi kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, kisha anakukata maini: "Plastiki hii, bosi." Ikiwa ni mti kweli, huikwangua vanishi iliyopasuka, akaziba nyufa kwa gundi na unga wa mbao, huku akiubembeleza kama mgonjwa. Hugonga hata meza za wakwe. Siku ya kumzika mama yake, aliliinamia jeneza ambalo muuzaji aliapa ni la mbao ngumu ya mninga, akaligonga. "Baba watoto, jamani!" mkewe akanong'ona. Fundi akatega sikio. "Mninga mtupu," akasema. "Hawakumdanganya mama." Ndipo akalia.