Kaka Anataka Mgeni Amkute Baba Mchafu

Admin, nifichie jina. Si kwamba naogopa. Kaka yangu anaisoma page hii akiwa ofisini, na akijitambua humu, na ajitambue. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, Mtanzania, kwetu Tabora, naishi Neasden, huku Uingereza, na baba yangu mzazi. Mume tulishaachana. Kazi yangu ni kuogesha wazee wa watu kwa mshahara, kisha narudi nyumbani kumwogesha wangu.

Baba alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, alipigana Bama kwenye vita vya pili vya dunia. Mama alipofariki, mwishoni mwa miaka ya tisini, kaka ndiye aliyemleta baba huku kwa mbwembwe zote, akampiga picha na medali zake na kwenda kuringia wenzake kazini. Ugonjwa wa kusahau ulipoanza, picha zikaisha na baba akaletwa kwangu na begi lake. Kaka ana nyumba kubwa Queensbury, lakini wifi alisema carpet yao bado mpya. Sasa baba ananiita kwa majina ya watu waliokwisha kufa. Anatia viatu kwenye oven. Juzi majirani walimrudisha kutoka barabara kuu akiwa na pajama. Kiingereza kimemtoka chote, amebaki na Kiswahili chake tu.

Nikahangaika nikampatia nafasi kwenye nyumba ya wazee yenye wahudumu Wakongo wanaoongea Kiswahili. Siku tuliyokwenda kuitazama, baba alicheka nao na akala mwenyewe. Council, yaani halmashauri ya huku, wanalipa sehemu, na kilichobaki kingelipwa na mfuko wa kusaidia askari wa zamani wasiojiweza. Mfuko ukikataa, council watampeleka nyumba nyingine ya mbali, ambako akiomba maji hakuna atakayejua anaomba nini. Hilo ndilo linaloniua.

Basi mfuko ukamtuma meja mstaafu, mzungu mzee aliyetumikia Nairobi ujanani mwake na Kiswahili cha kuamrisha anakijua, aje amwone baba alivyo. Mgeni anakuja nyumbani, na mimi nimelelewa. Nikamwogesha baba, nikamnyoa ndevu, nikamvika suti na medali zake. Nikapika pilau. Meja alipoingia tu, baba akasimama wima kama kijana, akapiga saluti. "Afande!" Namba yake ya jeshi akaitaja bila kukwama. Wakakaa, baba akamsimulia Bama, wakacheka, meja akaongeza pilau.

"Unaoga mwenyewe?"

"Ndiyo, afande!"

"Na huyu ni nani?" Akaninyooshea kidole mimi.

"Huyu mpishi, afande."

Meja akacheka mpaka akashika tumbo, akidhani mzee anatania. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, maana nimsute baba yangu mbele ya mgeni kwa kinywa kipi? Mlangoni nilimweleza ukweli kwa sauti ya chini. Akanipigapiga bega, kwamba mzee yuko imara na kusahau ni kwa wote: "My dear, he's marvellous. We all forget a bit." Hajafika hata kwenye lifti, baba akajikojolea kwenye kochi na kuniuliza bunduki yake nimeiweka wapi.

Majibu yakaja, na kaka akapata nakala, kwamba mzee ni nadhifu na anajiweza. Barua ya daktari wanayo, lakini wameamini macho ya meja. Hapo ndipo kaka, ambaye simu yangu huwa hapokei, akanipigia yeye mwenyewe.

"Wewe una akili kweli? Ulikuwa unampeleka harusini?"

"Alikuwa anakuja mgeni, kaka."

"Mgeni gani? Yule ni assessor, kaja kumpima! Nimeomba second visit, anarudi Thursday. Sasa nisikilize. Kuanzia leo usimwogeshe. Ndevu ziache. Medali nipe mimi. Akijichafua, muache hivyohivyo mzungu amkute. Ukiharibu tena, mimi ndiye first born, nasaini aende huko mbali."

Wifi naye kwa nyuma: "Mwambie hapa si Tabora. Huku aibu ndiyo inalipa."

Nilikata simu. Mtu ambaye tangu baba augue hajamkata hata ukucha, leo ananipangia lini nimwogeshe! Kama anataka baba anuke, amchukue akanukie kwenye carpet yake. Nimemwandikia hayo, akanijibu nina kiburi cha maskini. Mfuko nao nawachukia. Ulipokuwa wakati wa kumpeleka vitani hawakumuuliza kama anajiweza.

Ila kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba yule mpumbavu huenda yuko sahihi. Nikimsafisha baba, atasimama tena, atapiga saluti, na saluti hiyohiyo itampeleka kwa watu wasiojua lugha yake. Jana nikajaribu. Amejichafua asubuhi, nikajikaza, nikakaa jikoni na kufungulia redio kwa sauti. Baba akanifuata. Alisimama mlangoni ameshika suruali yake kwa mikono miwili, ananiangalia kama mtoto aliyekosea. Akasema, "Mama, nimechafuka. Wageni wakija watanionaje?"

Nikamwogesha. Nililia kuanzia maji ya kwanza mpaka taulo.

Sasa Alhamisi inakuja. Msinihubirie subira, ninayo, na wa kuniambia nimheshimu kaka apite kimya. Nijibuni hili moja tu, ninyi mliolelewa kama mimi: asubuhi hiyo baba akininyooshea mikono nimvue nguo nimwogeshe, niipokee hiyo mikono, au niongeze sauti ya redio?