Chai Niliyomsingizia Mama Furaha

Mimi ndiye ninayetibu meno kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Lac Vert. Wagonjwa wananiita docta. Ni muuguzi tu, lakini sijawahi kuwasahihisha.

Juma lililopita nilisafisha mzizi wa jino la utoto la Furaha, msichana wa miaka sita aliyekimbia vita Rutshuru pamoja na mama yake. Nilisafisha kwa maji ya javel, yale ya kung'arishia nguo nyeupe, kisha, kwa bidii yangu mwenyewe, nikaongeza dawa nyingine ya pinki. Kusuuza kwa maji ya chumvi katikati, ili dawa hizo mbili zisikutane, niliona ni kupoteza muda. Nikaziba jino, nikajisifu.

Jana walirudi. Dawa ya kuziba imetoka, shimo limekuwa la kahawia na mtoto analia. Nikapaza sauti ili foleni nzima ijifunze.

"Mama, unamupatia mutoto chai!"

"Chai tutaitoa wapi, docta? Hata sukari hatuna."

"Hii rangi haisemi uongo, mama."

Nikawaita na akina mama wengine wasogee, wajionee jino safi linavyokuwa. Nikakwangua kahawia yote, jino likawa jeupe. Nikatia javel, halafu ile ya pinki, bila haraka, kama mwalimu. Shimo likageuka kahawia mbele yetu sote.

Mama Furaha akainama, akalitazama vizuri.

"Docta," akaniuliza kwa heshima zote, "kinywa ya mutoto ingali wazi. Hiyo chai amekunywa saa ngapi?"